Watoto Hurithi Namna Tulivyoishika Mali

Yesu alikuwa katikati ya mafundisho mazito, akiwahimiza watu wamkiri bila woga, mtu mmoja kwenye mkutano alipomkatiza kwa jambo lililokuwa likimkera: "Mwalimu, mwambie ndugu yangu anigawie urithi wetu." Jibu lililoandikwa katika Luka 12 ni kavu: "Mtu wewe, ni nani aliyeniweka mimi kuwa mwamuzi au mgawanyi juu yenu?" Likafuata onyo juu ya choyo, kisha mfano wa tajiri aliyepanga kuvunja ghala zake ajenge kubwa zaidi, akafa usiku uleule. Wahubiri wengi huishia hapo, wakahitimisha kwamba Bwana hakuwa na habari na mambo ya urithi. Mimi humfikiria mtu ambaye kisa hicho hakimtaji kabisa: baba yao. Aliishije na wanawe, hata akawaachia mali wasiyoweza kugawana mpaka mmoja wao aende kumtafuta rabi katikati ya umati?

Kauli kwamba mzazi Mkristo aache urithi wa kiroho kuliko wa mali inapendwa sana kwenye mimbari, kwenye semina za ndoa na kwenye ibada za mazishi. Siipingi. Ninachokitilia shaka ni ule mpaka unaowekwa kati ya urithi huu na ule, kana kwamba imani hupita mlango mmoja na mali mlango mwingine, na mzazi anaweza kushughulika na mmoja akausahau wa pili. Mtoto humjua Mungu wa wazazi wake kwa kuwatazama wanavyopata pesa, wanavyozitumia, wanavyozigombania na wanavyoziacha. Ukiondoa mali kwenye mazungumzo ya urithi wa kiroho, unaondoa mahali ambapo imani ya nyumba hiyo huonekana kwa macho.

Tena kauli hiyo hutumika vibaya, na hili halisemwi vya kutosha. Yuko mzazi ambaye hakuwahi kujishughulisha na ada ya shule ya wanawe kwa sababu kila alichopata kilikwenda kwenye huduma, naye huita hali hiyo imani. Yuko mwingine ambaye hakuandika wosia, hakuweka hati za nyumba mahali panapojulikana, hakumweleza mkewe deni lolote, na siku ya kumzika anasifiwa kwamba hakuwa mtu wa mali. Marko 7 ina neno kwa ajili ya watu wa namna hii. Walikuwapo waliotangaza kwamba walichonacho ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, na kwa tangazo hilo takatifu wakajivua wajibu wa kuwatunza baba na mama zao. Yesu hakulichukulia kama kosa dogo la utaratibu. Alisema wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Kisa kile ni cha watoto wanaowakwepa wazazi, lakini mzazi anayewakwepa watoto kwa lugha hiyohiyo ya kiroho hana pa kujificha pia. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake "ameikana Imani, tena ni mbaya kuliko mtu asiyeamini." Kwa Wakorintho anaandika kwamba ni wazazi wanaopaswa kuweka akiba kwa ajili ya watoto, na Mithali 13:22 inasema, "Mtu mwema huwaachia wana wa wanawe urithi." Wajukuu, kwa maneno mengine. Hakuna hata mstari mmoja kati ya hiyo unaoona haya kuitaja mali.

Kumbukumbu la Torati sura ya 6 ndiyo sura inayonukuliwa zaidi katika mada hii, na mara nyingi husomwa kana kwamba inaagiza ratiba ya ibada ya nyumbani. Maneno yenyewe yanataja nyakati ambazo si za ibada: "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Ni nyakati ambazo mzazi hajajiandaa. Mtoto yupo pembeni baba anapopiga simu kumwambia anayemdai kwamba yuko safarini, ilhali ameketi sebuleni. Yupo mama anapohesabu chenji, akagundua kwamba muuzaji amemzidishia, akageuka kuirudisha. Anasikia wazazi wanavyomzungumzia kijana wanayemlipa kufanya kazi za nyumbani, na anajua kama mshahara wake umetoka mwezi huu au umepigwa tarehe tena. Yakobo anaandika kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele mbinguni. Aliye karibu zaidi kuisikia kelele hiyo ni mtoto anayelala chumba cha pili. Baada ya hapo mzazi anaweza kufungua Biblia saa tatu usiku na kusoma kwa sauti nzuri. Mtoto atakaa kimya, ataitikia Amina, na atakuwa ameshapata somo lake mchana.

Sisemi ibada ya nyumbani haina maana. Mwaka 1528 Martin Luther alishiriki ukaguzi wa sharika za Saksonia, akaudhishwa na jinsi watu wa kawaida walivyokuwa hawajui hata misingi ya imani. Mwaka uliofuata akatoa Katekisimu Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya msingi ya imani, na vichwa vya sehemu zake vilimtaja baba wa nyumba kuwa ndiye mwenye kuwafundisha walio nyumbani mwake. Wakatoliki nao, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, waliirejesha lugha ya zamani ya familia kuwa kanisa la nyumbani. Imo katika hati ya mwaka 1964 kuhusu Kanisa. Kinachonivutia kwa Luther ni maelezo yake mafupi ya amri inayokataza wizi. Hakuishia kwenye kutoiba. Aliongeza kwamba tusipate mali ya jirani kwa bidhaa mbovu wala kwa hila, bali tumsaidie aiboreshe na kuilinda mali yake. Baba aliyekuwa akiwafundisha wanawe maneno hayo jioni alikuwa akijifunga mwenyewe kwa biashara ya kesho yake asubuhi.

Kisa kinachonisaidia kuliko vyote kimetoka Aleksandria. Mwaka 202, wakati wa mateso chini ya Kaisari Septimius Severus, Mkristo aitwaye Leonides alikamatwa. Mwanahistoria Eusebius anasimulia kwamba Leonides alimzoeza mwanawe mkubwa, Origen, kukariri sehemu ya Maandiko kila siku kabla hajaanza masomo ya Kigiriki, na kwamba usiku alikuwa akimwendea mtoto akiwa amelala, anamfunua kifua na kukibusu kama mahali anapokaa Roho. Baba alipofungwa, kijana alitaka kumfuata akauawe naye, mama akamfichia nguo asiweze kutoka. Alichoweza kufanya ni kumwandikia baba barua, akimsihi asibadili nia kwa ajili yao. Leonides aliuawa. Mali yote ilichukuliwa na dola, akabaki mjane na watoto saba wa kiume, Origen akiwa mkubwa na hajafika miaka kumi na saba.

Hapo ndipo watu husema: unaona, urithi wa kiroho ulitosha. Mimi naona jambo lingine. Kijana hakuandika kwamba njaa si kitu, wala hakujifanya haoni kitakachowapata wadogo zake. Alijua hesabu yote ya barua ile. Na mali ilipokwenda, akafundisha sarufi ili familia ile ipate kula. Elimu hiyo ya Kigiriki aliipata kwa gharama ya baba yuleyule. Leonides alimwachia mwanawe Maandiko pamoja na kazi ya kufanya, na vyote viwili vilihitajika wiki ileile.

Monika, mama wa Augustino, ananifundisha kwa njia tofauti. Nyumbani kwao Thagaste, Afrika ya Kaskazini, mume, Patricius, hakuwa Mkristo hadi alipokaribia mwisho wa maisha yake, na alijikaza kupita uwezo wake ili kijana asome, akitamani mtoto mwenye jina. Monika naye hakuikataa ndoto hiyo. Alilia na kuomba miaka mingi, mwanawe akaenda huku na huku, hatimaye akabatizwa na Askofu Ambrosi huko Milano mwaka 387. Miezi michache baadaye Monika aliugua Ostia. Kwa muda mrefu alikuwa amejali sana kaburi lake, na alikwisha kuandaa mahali kando ya mumewe. Sasa akawaambia wanawe wauzike mwili popote, wasihangaike nao, ila wamkumbuke kwenye madhabahu ya Bwana. Mwanamke huyu aliachilia kitu alichokipenda kweli, na wanawe walikuwa wakimtazama. Angekuwa hakuwahi kulijali kaburi lile, maneno yake yasingekuwa na uzito wowote.

Sasa tuje kwenye nyumba za watumishi, maana huko ndiko mada hii inakouma. Eli alikuwa kuhani, na wanawe Hofni na Finehasi walinyang'anya nyama ya sadaka kabla mafuta yake hayajateketezwa. Kosa analoshtakiwa Eli ni kwamba alijua na hakuwazuia. Kilichonishangaza siku zote ni kwamba Samweli, aliyelelewa ndani ya nyumba hiyo na aliyepewa akiwa mtoto ujumbe wa hukumu juu ya Eli, alikuja kuishia pabaya vilevile. Alipozeeka aliwaweka wanawe Yoeli na Abiya kuwa waamuzi, nao wakapenda faida, wakapokea rushwa, wakapotosha hukumu. Ni kwa hoja hiyo wazee wa Israeli walikwenda kumwomba Samweli awawekee mfalme. Samweli aliwapa wanawe cheo. Jinsi alivyosimama mbele ya taifa zima katika 1 Samweli 12 na kuuliza ni ng'ombe wa nani amemchukua na ni mkononi mwa nani amepokea rushwa, hilo halikupita kwao. Waumini wa leo wanaoona kanisa likikabidhiwa kwa mtoto wa mwanzilishi pamoja na kiwanja, akaunti ya benki na jina wangefaa kuzisoma sura hizo mbili kwa pamoja, ya 8 na ya 12. Huduma inayorithishwa kama shamba imeshageuka mali, hata kama kila anayehusika ameipaka mafuta.

Kuna hadithi nyingine inayopendwa na wahubiri, ya Jonathan Edwards, mhubiri wa Marekani aliyefariki mwaka 1758. Mwaka 1900 mwandishi mmoja alilinganisha wazao wake na wazao wa ukoo mwingine uliojaa wahalifu, na tangu hapo orodha ya wachungaji, maprofesa na wanasheria waliotoka kwa Edwards imerudiwa kila mahali kuthibitisha nguvu ya urithi wa kiroho. Orodha hiyo hainishawishi. Kwanza inapima urithi wa kiroho kwa vyeo vya dunia hii, jambo ambalo Edwards mwenyewe angelikataa. Pili, Aaron Burr, Makamu wa Rais aliyemuua Alexander Hamilton katika pambano la bastola mwaka 1804, ni mjukuu wake. Na tatu, ambalo ni zito zaidi: mwaka 1731 Edwards alikwenda Newport akanunua binti wa Kiafrika aliyeitwa Venus, na aliendelea kumiliki watumwa. Hilo nalo lilikuwa ndani ya nyumba iliyosali asubuhi na jioni. Watoto waliliona.

Ila mwanawe, aliyeitwa Jonathan kama yeye, akawa mchungaji pia, na mwaka 1791 alihubiri waziwazi dhidi ya biashara ya watumwa. Alikichukua alichopewa, akakichambua, akabaki na Injili ya baba yake na kuukataa utumwa wa baba yake. Nadhani mtoto mwaminifu hufanya hivyo, na mzazi mwenye busara angempa ruhusa mapema. Wazazi wengi wa Kikristo hutaka mtoto apokee kila kitu kama kilivyo, imani pamoja na hasira ya nyumba, upendeleo wa nyumba na chuki ya nyumba dhidi ya jirani. Samuel Wesley, baba wa John na Charles walioanzisha Umethodisti, alikuwa mchungaji mwenye madeni hadi akafungwa kwa deni mwaka 1705. Mkewe Susanna aliyepanga muda wa faragha na kila mtoto kila wiki amekuwa mfano wa akina mama Wakristo kwa karne tatu, na kwa haki. Lakini ndani ya nyumba hiyohiyo binti yao Hetty alipoanguka, baba alimwoza kwa mtu asiyemfaa na akakataa kumsamehe. Waandishi wa makala za malezi humsahau Hetty.

Upendeleo, kwa mfano, hurithiwa kwa urahisi kuliko sala. Isaka alimpenda Esau, Rebeka akampenda Yakobo. Yakobo aliyekimbia nyumbani kwa sababu ya mgawanyiko huo akaja kumpenda Yusufu kuliko wenzake, akamvika kanzu iliyowaonyesha wote kipimo cha upendo wa baba. Vizazi viwili, kosa lilelile, na katikati yake madhabahu zilijengwa na Mungu akaitwa kwa jina lake. Ningependa tuwe na ujasiri wa kuhubiri kwamba familia ya ahadi ilikuwa pia familia yenye ugonjwa wa kurithi, na ugonjwa huo ulijitokeza kila mara pale penye haki ya mzaliwa wa kwanza, baraka na mali.

Kwa upande mwingine kuna wazazi wanaojitesa kwa lawama, na kwao sina neno kali. Mfalme Yosia, aliyeitengeneza upya ibada ya Yuda, alikuwa mwana wa Amoni, mtu mbaya. Manase, aliyejaza Yerusalemu damu, alikuwa mwana wa Hezekia, mtu aliyemtumaini Bwana. Ezekieli 18 inakataa kabisa kwamba mwana ahukumiwe kwa njia ya baba au baba kwa njia ya mwana. Mzazi aliyeishi kwa uaminifu na mtoto akaondoka hana deni la kueleza kwa jirani wala kwa mchungaji. Hata hivyo Hezekia ana kisa kimoja ambacho sikipiti haraka. Alipowaonyesha wajumbe wa Babeli hazina yake yote, dhahabu, fedha, manukato na silaha, Isaya akamwambia kwamba vyote vitachukuliwa, na baadhi ya watoto wake watakuwa matowashi katika jumba la mfalme wa Babeli. Hezekia akasema neno la Bwana ni jema, kwa maana amani itakuwapo katika siku zake yeye. Ndiyo sala mbaya kuliko zote aliyoomba mtu mwema. Wazazi wengi hatungeitamka, lakini tunaiishi: mikopo isiyotajwa, kiwanja chenye mgogoro, ugomvi na ndugu ambao "watauona wenyewe nikiondoka".

Siku moja mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutike kwa kuwa hakuwa na mwana wa kiume. Musa hakujibu kwa hekima yake. Alipeleka shauri mbele za Bwana, na Bwana akasema mabinti hao wamenena lililo haki. Shauri la ardhi lilipelekwa mahali patakatifu na likajibiwa. Ningetamani wazazi wafanye vivyo hivyo kabla hawajaandika wosia: wauombee kama wanavyoombea safari au mitihani, na wamshirikishe mtu mwenye hofu ya Mungu anayeweza kuwauliza kwa nini binti amepata kidogo kuliko kaka yake.

Na kwa asiye na mtoto, au aliye na watoto wasiotaka kusikia habari za imani yake, Timotheo ni jibu zuri kuliko yote ninayoyajua. Imani yake, Paulo anasema, "ilikaa kwanza katika bibi yako Loisi, na katika mama yako Eunike." Baba yake alikuwa Myunani, na Matendo hayasemi lolote kuhusu imani yake. Kisha akaja Paulo, mtu asiye na mke wala mtoto, akamwita mwanangu, akamwagiza awakabidhi watu waaminifu aliyoyasikia kwake, nao wawafundishe wengine. Bibi, mama, na mtu baki. Mstari huo haufuati ukoo, na makanisa yanayowahesabu wajane, wagumba na waseja kama wasindikizaji wa familia za wengine yanakosea kusoma barua hiyo.

Kwa hiyo mchungaji anayetaka kufundisha urithi wa kiroho aanze na karatasi. Awaambie watu wake waandike wanachodaiwa na wanachodai, kwa kiasi na majina. Waandike waliyemdhulumu na wamrudishie, kama Zakayo alivyoahidi akiwa bado hai, mara nne kwa kila alichonyang'anya. Wokovu ulitangazwa kwa nyumba ile nzima, si kwa Zakayo peke yake, na watu wa nyumba yake ndio waliopungukiwa kwa malipo yale. Waandike mgawanyo wao na sababu zake, kisha wausome mbele ya watoto ilhali mtu anaweza kuuliza na kujibiwa. Na kama kuna mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, atajwe humo kwa jina lake, na ndugu zake waambiwe na mzazi mwenyewe, wasije wakamwona kwa mara ya kwanza kaburini.